Viza ya Utalii ya Schengen: Mwongozo Kamili kwa Anayejiombea Mwenyewe

Nimesoma barua za kunyimwa viza nyingi kuliko ningependa. Wengi wa waliozipokea hawakuwa watu wasio na hela, wala wenye nia ya kutoroka. Karatasi zao ndizo zilizokuwa zikibishana zenyewe kwa zenyewe. Hoteli inaanza tarehe 8, bima inaanza tarehe 9, barua ya mwajiri inatoa likizo ya siku 10, na tiketi ni ya siku 12. Afisa anayeamua hakujui na mara nyingi hatakuona uso kwa uso. Ana faili tu mbele yake. Mwongozo huu ni wa kuhakikisha faili hilo lina kauli moja, karatasi ya kwanza hadi ya mwisho.

Ninazungumzia viza ya muda mfupi ya Schengen, ile inayoitwa aina C, kwa anayekwenda kutembea. Masomo, kazi na kuhamia kwa mwenzi vina viza zake. Hii inakuruhusu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, katika nchi 29 za eneo la Schengen: wanachama 25 wa Umoja wa Ulaya, pamoja na Norwei, Aislandi, Uswisi na Liechtenstein. Ayalandi na Kupro hazimo. Uingereza nayo haimo, na wapo wanaoligundua hilo wakiwa wameshakata tiketi ya London.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kwanza

Usifungue fomu kabla hujavikusanya hivi, au angalau hujajua utavipata wapi:

- Pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, yenye kurasa tupu zisizopungua 2, na itakayobaki hai angalau miezi 3 baada ya siku unayotarajia kuondoka Schengen. Masharti yote matatu yatimie.
- Pasipoti za zamani, kama zina viza au mihuri ya safari.
- Picha za karibuni, milimita 35 kwa 45, uso ukiwa wazi na nyuma pakiwa na rangi moja nyepesi.
- Taarifa ya benki ya miezi 3 hadi 6, kulingana na ubalozi.
- Barua ya mwajiri na hati za mshahara. Au leseni ya biashara na karatasi za kodi. Au barua ya chuo.
- Uthibitisho wa malazi kwa kila usiku.
- Nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi.
- Bima ya matibabu ya safari, isiyopungua euro 30,000.
- Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa watoto, hati za mali kama unazo.
- Ada: euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, bure kwa aliye chini ya miaka 6. Juu yake kuna malipo ya huduma ya kituo kinachopokea maombi.

Kila ubalozi una orodha yake iliyoandikwa kwa ajili ya waombaji wa nchi unayoishi. Ichapishe. Pale orodha hiyo inapotofautiana na mwongozo huu, fuata orodha.

## Hatua ya 1: Panga safari kwa kuhesabu usiku

Chukua karatasi uchore safu tatu: tarehe, mji utakaolala, namba ya uthibitisho wa malazi. Kila usiku uwe na mstari wake. Mfano nitakaoutumia hadi mwisho ni huu:

- 7 Juni: kuondoka nyumbani kwa ndege ya usiku
- 8, 9 na 10 Juni: Amsterdam
- 11 hadi 15 Juni: Paris, baada ya kufika kwa treni
- 16, 17 na 18 Juni: Cologne
- 19 Juni: kuondoka kwa ndege kutoka Frankfurt

Hapo kuna usiku 11, lakini siku za Schengen ni 12, kwa sababu siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa. Ukiandika siku 11 kwenye fomu unaweza kupewa siku 11 kwenye stika ya viza inayobandikwa kwenye pasipoti, na ile ya kumi na mbili ikawa siku ya kuzidisha muda. Itazame pia 7 Juni. Ndiyo siku unayofunga mlango wa nyumba, ila unafika Ulaya tarehe 8. Fomu inauliza tarehe ya kuingia Schengen.

Tahadhari: usirundike miji. Watu hudhani ratiba ndefu inavutia, kumbe miji saba kwa siku kumi inamfanya afisa ajiulize kama mwombaji aliwahi hata kuangalia ramani. Miji mitatu inayofikika kwa treni inaeleweka kwa mtazamo mmoja.

Utajua umefaulu pale mtu mwingine atakapoishika karatasi hiyo na kukuambia utalala wapi tarehe 14 Juni bila kukuuliza neno.

## Hatua ya 2: Jua ubalozi ulio wako

Hapa ndipo ushauri wa vijiweni unapoharibu watu: "Omba kwa fulani, wale ni rahisi." Huchagui ubalozi. Ratiba ndiyo inayochagua.

Ukienda nchi moja, unaomba kwa nchi hiyo. Ukienda kadhaa, unaomba kwa ile iliyo lengo kuu la safari, ama kwa kuwa utakaa siku nyingi zaidi huko, ama kwa kuwa shabaha ya safari iko huko. Zikilingana, unaomba kwa ile utakayoingia kwanza. Katika mfano wetu ni Ufaransa, ingawa ndege inatua Uholanzi.

Ombi hupelekwa mahali unapoishi kihalali, hata kama si nchi ya uraia wako. Na kama nchi uiendeayo haina ubalozi hapo, huenda inawakilishwa na nchi nyingine ya Schengen. Tovuti ya wizara yake ya mambo ya nje itakuonyesha.

Tahadhari: kuweka hoteli za bandia za nchi "rahisi" kisha kwenda kwingine ni udanganyifu. Viza iliyopatikana hivyo inaweza kufutwa mpakani, nawe ukarudishwa na ndege inayofuata.

## Hatua ya 3: Kamata miadi mapema

Ombi linaweza kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida lisiwe chini ya siku 15 kabla. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15 tangu ombi lipokelewe rasmi, lakini faili likihitaji kuchunguzwa zaidi siku hizo zinaweza kufika 45. Kwa hiyo anayepeleka ombi siku 20 kabla ya ndege anacheza kamari. Mimi huwaambia watu: miadi iwe miezi 2 hadi 3 kabla ya safari.

Kanuni za Ulaya zinasema miadi kwa kawaida ipatikane ndani ya wiki 2 tangu uombe. Kiangazi cha huko kinapokaribia, kati ya Aprili na Juni, foleni hurefuka na kanuni hiyo hubaki kwenye karatasi.

Anzia kwenye tovuti ya ubalozi, siyo kwenye matokeo ya kwanza ya kutafuta mtandaoni. Ubalozi wenyewe utakupeleka kwenye kituo chake. VFS Global, TLScontact na BLS ni kampuni zinazopokea maombi kwa niaba ya balozi nyingi. Kazi yao ni kupokea, kuchukua alama za vidole na kurudisha pasipoti. Hawaamui, na mfanyakazi wa dirishani hana uwezo wa "kukusaidia".

Tahadhari: dalali anayekuuzia nafasi ya miadi, au anayesema ana mtu wake ndani, anakuuzia hewa. Mbaya zaidi, atabaki na nakala ya pasipoti yako.

## Hatua ya 4: Fedha, mahali wengi wanapoanguka

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu hapa ndipo faili zuri hugeuka baya.

Afisa anataka majibu mawili. Je, una fedha za kutosha kwa safari hii? Je, fedha hizo ni zako kweli? Watu hujitahidi sana na swali la kwanza na kulisahau la pili.

Kuhusu kiasi, kila nchi imeweka kiwango chake cha chini. Ufaransa huhesabu euro 65 kwa siku kwa mwenye hoteli iliyothibitishwa, euro 120 kwa siku ambazo hazina hoteli, na euro 32.50 kwa anayefikia kwa mwenyeji mwenye cheti cha mapokezi. Kwa siku zetu 12 zenye hoteli, ni euro 780. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, na nauli haimo. Baki na ziada inayoonekana, maana safari inayomaliza akiba yote ya mtu inazua maswali.

Sasa tuifungue taarifa ya benki yenyewe. Afisa anaisoma kama tunavyosoma uso wa mtu. Mshahara unaingia tarehe 28 kila mwezi. Kodi ya nyumba inatoka tarehe 2. Kuna umeme, vocha, ada ya mtoto, na salio linapanda kidogo kidogo. Halafu, siku nne kabla ya kuchapishwa, linaingia donge moja kubwa kuliko mishahara mitano. Baada ya hapo kimya.

Donge hilo linasema jambo moja: hela za kuazima. Ninajua kwa sababu mara yangu ya kwanza nilinyimwa kwa kosa hilihili. Kaka yangu alinihamishia hela zake, kwa nia njema kabisa, "ili akaunti ionekane imenona." Ikaonekana imenona, na ikaonekana pia ilinona lini. Laiti ningeiacha na salio langu dogo la kweli, na yeye akaandika barua ya kunifadhili, tungekuwa tumesema ukweli uleule kwa njia inayoaminika.

Fanya hivi basi:

Kama kuna fedha kubwa iliyoingia kihalali, ieleze. Umeuza gari? Ambatisha mkataba wa mauzo. Umelipwa na kikundi cha akiba? Ambatisha barua ya kikundi. Zungushia mstari huo kwa kalamu kwenye nakala, uandike pembeni "tazama kiambatisho namba 6".

Kama unapokea taslimu, anza kuweka benki kila wiki angalau miezi 3 kabla ya ombi, hata kama ni kidogo. Ongeza taarifa ya pesa za simu na karatasi za kodi. Biashara isiyo na alama popote haionekani, hata kama inakulisha vizuri.

Kama unafadhiliwa, mfadhili atoe barua yenye sahihi, taarifa yake ya benki, ushahidi wa kazi yake, na cheti kinachoonyesha undugu wenu. Barua peke yake haina uzito. Na hata ukifadhiliwa, weka taarifa yako mwenyewe pia.

Taarifa iwe imechapishwa na benki, ina mhuri, na iwe ya karibuni iwezekanavyo na siku ya miadi. Picha ya skrini ya simu haitoshi.

Dalili ya kufaulu: ukichagua mstari wowote unaozidi mshahara wako wa mwezi, unaweza kuweka kidole kwenye karatasi nyingine inayoueleza.

## Hatua ya 5: Onyesha kinachokurudisha

Sheria inamtaka afisa ajiridhishe kwamba utaondoka kabla viza haijaisha. Maneno "naahidi nitarudi" hayamsaidii. Kinachomsaidia ni vitu vinavyokungoja.

Kwa mwajiriwa, barua ya mwajiri ndiyo mhimili. Iwe na cheo chako, tarehe uliyoajiriwa, mshahara, tarehe kamili za likizo, na siku ya kurejea kazini. Iandikwe kwenye karatasi yenye nembo, iwe na jina la aliyesaini, mhuri na namba ya simu inayopokelewa. Katika mfano wetu barua iseme likizo inaanza 7 Juni hadi 21 Juni, na kazini ni tarehe 22. Barua inayosema tu "amepewa likizo mwezi wa Juni" imeacha pengo, na pengo hilo afisa atalijaza kwa mashaka.

Mfanyabiashara aonyeshe leseni hai, karatasi za kodi, na kama ana wafanyakazi au mkataba wa pango, aviweke. Mwanafunzi alete barua ya chuo yenye tarehe ya muhula unaofuata. Mstaafu ana pensheni; hiyo inaonekana benki.

Familia na mali huongeza nguvu lakini hazibebi faili peke yake. Cheti cha mtoto anayebaki nyumbani kina uzito kuliko picha kumi za nyumba. Kama huna mke, huna mume, huna mtoto, usibuni. Vijana wasio na familia hupewa viza kila siku, ila kwao barua ya kazi na historia ya safari ndizo zinazobeba mzigo.

## Hatua ya 6: Bima, malazi na ndege

Bima isome kabla ya kulipa. Inatakiwa ifanye kazi katika nchi zote za Schengen, kwa siku zote za kukaa, kwa kiwango cha euro 30,000 au zaidi, na igharamie matibabu ya dharura, kulazwa hospitali kwa dharura, na kurudishwa nyumbani kwa sababu za kiafya au kwa kufariki. Katika mfano wetu ianze kabla au tarehe 8 Juni na iishe tarehe 19 au baadaye. Mimi huongeza wiki mbili mbele. Tofauti ya bei ni ndogo, na ndege zikibadilika huhangaiki.

Malazi yalingane na ile karatasi yako ya safu tatu, usiku kwa usiku, kwa jina lililo kwenye pasipoti. Kama mnasafiri wawili, majina yote mawili yatokee kwenye uthibitisho. Hoteli zinazokubali kufutwa bila malipo zinatosha, mradi usizifute kabla ya uamuzi. Balozi nyingine hupiga simu hotelini kuhakikisha.

Ukifikia kwa ndugu au rafiki, barua yake ya kawaida inaweza isitoshe. Ufaransa hutaka cheti cha mapokezi ambacho mwenyeji hukichukua kwenye ofisi ya meya wa mji wake. Ujerumani ina hati rasmi ambayo mwenyeji hujifunga nayo kulipa gharama zako. Vyote huchukua muda, kwa hiyo mwambie mwenyeji aanze mapema kuliko wewe.

Ndege: weka nafasi, usilipie tiketi isiyorudishika kabla ya viza. Omba nafasi inayoshikiliwa kutoka shirika la ndege au wakala anayeaminika, yenye namba inayoonekana ukiitafuta kwenye tovuti ya shirika. Tiketi za kughushi zinazouzwa mtandaoni hugundulika kwa dakika mbili, na rekodi ya ombi lako hukaa hadi miaka 5 kwenye mfumo wa taarifa za viza unaosomwa na nchi zote za Schengen.

## Hatua ya 7: Barua ya maelezo, ukurasa mmoja

Balozi nyingine hazidai barua hii. Iandike tu. Ndiyo nafasi pekee ambapo unazungumza kwa sauti yako, na ndiyo ramani ya faili lote. Iwe kwa lugha inayokubaliwa na ubalozi. Mwili wake uwe kama huu:

"Ninaomba viza ya utalii ya kuingia mara moja, kuanzia 8 Juni hadi 19 Juni, siku 12. Nitatembelea Amsterdam (usiku 3), Paris (usiku 5) na Cologne (usiku 3). Lengo kuu la safari ni Paris, ambako ninataka kuona majumba ya makumbusho. Nimeambatisha tiketi ya Louvre ya tarehe 12 Juni. Ninafanya kazi ya uhasibu tangu 2019 na nimepewa likizo ya mwaka (kiambatisho 3). Gharama zote ninalipa mwenyewe kutokana na mshahara na akiba (kiambatisho 5). Kiasi kilichoingia 14 Machi ni mauzo ya pikipiki yangu (kiambatisho 6). Mke wangu na watoto wetu wawili wanabaki nyumbani (kiambatisho 8). Ninarejea kazini 22 Juni."

Hakuna kusifia uzuri wa Ulaya, hakuna ndoto za utotoni, hakuna kuomba huruma. Ikizidi ukurasa, punguza. Na usiinakili hii neno kwa neno. Barua zinazofanana hutambulika.

## Hatua ya 8: Jaza fomu polepole

Majina ndiyo mtego wa kwanza. Yaandike kama yalivyo kwenye pasipoti, hata kama pasipoti imekosea mpangilio. Jina lililo kwenye sehemu ya jina la ukoo kwenye pasipoti ndilo la sehemu hiyo kwenye fomu. Usijipange upya kwa kuwa nyumbani wanakuita vingine.

Pa pili ni idadi ya kuingia. Ukitoka Paris kwenda London siku mbili na kurudi Cologne, umetoka Schengen na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja itakuwa imekufa pale ulipotoka. Omba ya mara mbili, na uweke ushahidi wa safari hiyo ya katikati.

Fomu inauliza kama alama za vidole zako zilishachukuliwa kwa viza ya Schengen. Jibu kwa ukweli. Zinaweza kutumika tena ndani ya miezi 59. Uliwahi kunyimwa? Wao wanaona. Ukiulizwa, sema, na ueleze kilichobadilika tangu wakati huo.

Saini kila panapotakiwa saini. Fomu isiyosainiwa si ombi. Mtoto husainiwa na mzazi au mlezi, na akisafiri na mzazi mmoja au bila wazazi, ridhaa ya maandishi itahitajika.

Ukimaliza, weka fomu, barua ya mwajiri, bima, malazi na nafasi ya ndege mezani sambamba, upitie tarehe moja moja kwa kidole. Zoezi hili ni la dakika kumi na limeokoa safari nyingi.

## Hatua ya 9: Siku ya miadi

Fika mapema kidogo, na karatasi halisi pamoja na nakala. Panga faili kwa mtiririko wa viambatisho vya barua yako, bila kubana kwa stepla, maana watazichanganua. Karatasi zilizo kwa lugha ambayo ubalozi hauipokei ziwe na tafsiri.

Utachukuliwa alama za vidole vyote kumi, na huenda picha. Kama una kidonda au bandeji kidoleni, afadhali usogeze miadi.

Ukiulizwa maswali, jibu kilichoulizwa. "Unaenda kufanya nini?" jibu lake ni sentensi mbili zinazofanana na barua yako. Wanaojieleza sana huanza kujichanganya: wametaja Paris kwenye fomu, kisha wanazungumzia binamu aliye Milan ambaye hayumo popote kwenye faili.

Mfanyakazi akikuambia kuna karatasi inayopungua, uliza kama unaweza kuileta baadaye na uandike jibu lake. Ada hairudishwi ukinyimwa. Tunza risiti yenye namba ya kufuatilia, na uwe unapokea simu na kusoma baruapepe. Wakiomba karatasi ya ziada, hukupa siku chache tu za kuileta.

## Hatua ya 10: Pasipoti ikirudi

Fungua bahasha hapohapo dirishani. Kama kuna stika, soma vitu vinne: jina na namba ya pasipoti, tarehe za uhai wa viza, idadi ya kuingia, na muda wa kukaa. Hivi viwili vya tarehe na muda ndivyo vinavyowapoteza watu.

Kwa safari yetu, stika inaweza kuonyesha kuanzia 8 Juni hadi 4 Julai, na muda wa kukaa siku 12. Hiyo haimaanishi una mwezi mzima. Zile siku 15 za ziada ni za kukupa nafasi ya kusogeza safari ikibidi. Unaweza kuingia tarehe 15 badala ya 8, lakini ukishaingia una siku 12. Kosa lolote la herufi au tarehe litaje kabla hujatoka jengoni.

Kama hakuna stika, kuna fomu ya kukataliwa yenye visanduku. Vinavyotiwa alama mara kwa mara ni hivi: shabaha na mazingira ya safari hayakuthibitishwa (rudi hatua ya 1, 6 na 7), fedha hazikuthibitishwa (hatua ya 4), taarifa ulizotoa haziaminiki (kuna karatasi zinazobishana, au moja imeonekana ya kughushi), na kuna mashaka kama utaondoka (hatua ya 5).

Una njia mbili. Rufaa ni haki yako. Fomu yenyewe inasema inapelekwa wapi na ndani ya siku ngapi, kwa sheria ya nchi iliyokunyima. Inafaa pale afisa alipokosea jambo lililo wazi kwenye faili lako. Njia ya pili ni kuomba upya. Hakuna muda wa lazima wa kungoja, lakini ukipeleka faili lilelile wiki inayofuata utapata jibu lilelile na utalipa ada nyingine. Mimi niliomba upya baada ya miezi minne, akaunti ikiwa na mshahara wangu tu na barua ya kaka yangu pembeni. Nikapata.

## Hatua ya 11: Mpakani na baada ya hapo

Viza inakufikisha mlangoni. Anayekufungulia ni afisa wa mpaka. Beba kwenye mkoba wa mkononi nakala za hoteli, bima, tiketi ya kurudi na ushahidi wa fedha, wala usivitie kwenye sanduku la chini ya ndege. Anaweza kukuuliza maswali yaleyale ya ubalozini.

Tangu 12 Oktoba 2025, Schengen ilianza kuingiza mfumo wa kielektroniki unaosajili kuingia na kutoka kwa wasafiri wasio raia wa nchi hizo, badala ya mihuri. Utapigwa picha ya uso, na mfumo utahesabu siku zako. Zamani muhuri hafifu uliweza kuzua ubishi. Sasa mashine inajua siku uliyoingia.

Mwenye viza ya kuingia mara nyingi ajifunze hesabu ya 90 kwa 180. Kila siku unayokuwa ndani, rudi nyuma siku 180 kuanzia siku hiyo, uhesabu siku zote ulizokaa. Zisizidi 90. Hesabu haianzi upya Januari, wala haianzi upya unapopata viza mpya.

Ukirudi, weka vipande vya kupandia ndege na risiti za hoteli pamoja na pasipoti. Aliyepata na kuzitumia vizuri viza 3 ndani ya miaka 2 anaweza kupewa ya kuingia mara nyingi ya mwaka mmoja. Akiitumia hiyo vizuri, inayofuata ni ya miaka 2, kisha ya miaka 5, mradi pasipoti yake ina uhai wa kutosha kuibeba.